Kukusanya kumbukumbu za ligi za besiboli za Weusi ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Ukikuta jezi iliyoandikwa Homestead Grays au Kansas City Monarchs, timu za zamani za besiboli za Wamarekani Weusi waliocheza kwenye ligi zao wenyewe, kwenye belo lililofunguliwa asubuhi pale Mwanjelwa, inunue kama umeipenda, ifue na uivae. Ila usiiweke kabatini ukaiandikia mwaka 1943. Igeuze ndani nje utafute lebo shingoni na ubavuni. Ikiwa na maelekezo ya kufua, yaelekea haikushonwa kabla ya mwaka 1972, maana kanuni ya Marekani inayowalazimisha watengenezaji kuweka maelekezo hayo ilianza kutumika Julai ya mwaka huo. Ikiwa ya poliesta ya kuvutika, pia ni ya miaka ya 1970 au baadaye. Jezi za ligi zile zilishonwa kwa flaneli ya sufu, nzito, yenye kuwasha na kunuka jasho. Kapelo zake zilikuwa na saizi maalumu na mkanda wa ngozi kwa ndani. Kapelo yenye vitobo vya plastiki kisogoni vya kurekebishia saizi ni ya juzi tu.

Flaneli peke yake nayo si ushahidi. Kampuni ya Ebbets Field Flannels ya Seattle imekuwa ikishona nakala za sufu tangu 1988. Nakala hizo ni nzuri na zinauzwa wazi kama nakala. Shida huanza pale mtu wa tatu anapokata lebo, anapochakaza viwiko kwa msasa, halafu anaiuza kama mali ya marehemu fulani.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga ni mmoja: kusanya karatasi, achana na nguo na magongo. Jezi halisi zilizobaki ni chache mno. Timu zilikuwa na bajeti ndogo, zilicheza mechi za ligi na kati yake zikazunguka miji midogo kucheza za kiingilio, na jezi moja ilivaliwa mpaka ikachanika. Karatasi ilichapwa kwa wingi na watu waliihifadhi bila kukusudia, kwenye Biblia, masanduku na albamu. Inaingia kwenye bahasha. Na karatasi haijui kusema uongo: ukiwa na lenzi, tochi na tarehe sahihi, utaitambua ya feki mara nyingi kuliko utakavyoitambua glavu ya feki. Ubaya wake ni kwamba ndiyo inayokufa haraka kwenye unyevu wa huku kwetu, kwa hiyo nusu ya kazi hii ni kuhifadhi.

Tarehe za kubandika ukutani

Kabla ya kutoa senti, andika tarehe hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Zitakuokolea pesa.

Timu ya kwanza ya Weusi ya kulipwa ilikuwa Cuban Giants, iliyoanza 1885 huko New York. Wachezaji wake hawakuwa Wacuba, walikuwa Wamarekani Weusi. Jina hilo linawapoteza wengi, kwa sababu baadaye zilikuja timu nyingine zenye neno Cuban au Giants, kila moja na historia yake. Rube Foster alianzisha Negro National League tarehe 13 Februari 1920, katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, Kansas City, jimbo la Missouri. Ilianza na timu 8. Ligi hiyo ya kwanza ilikufa 1931, ikafufuliwa kwa jina lilelile 1933 chini ya Gus Greenlee wa Pittsburgh Crawfords, ikadumu hadi 1948. Eastern Colored League ilikuwepo 1923 hadi 1928, na fainali ya kwanza kati ya mabingwa wa ligi hizo mbili ilichezwa 1924, Monarchs wakawashinda Hilldale. American Negro League ilidumu msimu mmoja tu, wa 1929. East-West League ni 1932. Negro Southern League inahesabiwa kwa msimu wa 1932. Negro American League ilianza 1937. Mechi ya nyota ya Mashariki na Magharibi ilianza 1933 kwenye uwanja wa Comiskey Park, Chicago.

Desemba 2020, MLB, yaani ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilizitambua ligi hizo saba za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu zake zikaunganishwa na za MLB, na Josh Gibson akawa juu ya orodha ya wapigaji wa muda wote kwa wastani wa .372. Tangu hapo bei zimepanda na feki zimeongezeka, kama inavyokuwa kitu kikipata sifa.

Tazama tarehe zinavyofanya kazi. Ukiuziwa tikiti ya Negro American League ya 1934, funga mjadala: ligi hiyo ilikuwa bado haijazaliwa. Ukiona beji ya pini iliyoandikwa kwa jumla tu kwamba ni ya ligi za Weusi, bila jina la timu, mji wala ligi maalumu, kuwa na mashaka makubwa. Watu wa wakati ule walichapa jina la timu yao na la ligi yao, hawakujichapa kama kumbukumbu. Beji na bendera ndogo za pembetatu ndizo zinazoongoza kwa kubuniwa siku hizi, yaani hazikuigwa kutoka kwenye kitu chochote kilichowahi kuwepo.

Pa kuanzia kwa mfuko wa kawaida

Anza na stempu. Julai 2010 Posta ya Marekani ilitoa stempu mbili zilizoungana za ligi za Weusi, za senti 44, zilizochorwa na Kadir Nelson. Moja ina sura ya Rube Foster, nyingine inaonyesha mchezaji akiteleza kuingia kituo cha nyumbani, anapofungia pointi. Ziko pia za mwaka 2000, za senti 33, kwenye karatasi ya magwiji 20 wa besiboli, wakiwemo Josh Gibson, Satchel Paige na Jackie Robinson, na ya senti 20 ya Robinson peke yake ya mwaka 1982. Hizi si masalia ya ligi zenyewe, lakini ni halali, hazina feki nyingi, ni nyepesi kutuma, na zinakufundisha kushika karatasi kwa kibano kabla hujagusa kitu cha thamani zaidi. Nunua zisizotumika. Zenye gundi ya kujibandika, kama za 2010, usizibandue kwenye karatasi yake ya nyuma.

Sarafu za 2022 ni hatua inayofuata. Serikali ya Marekani ilitoa aina tatu kuadhimisha miaka 100 ya Negro National League, na sehemu ya mauzo ikaenda kwenye jumba la makumbusho la ligi hizo lililoko Kansas City. Ya dhahabu ni ya dola 5, ina sura ya Foster, na kikomo chake kilikuwa sarafu 50,000. Ya fedha ni ya dola 1 na ile ya nusu dola ni ya shaba na nikeli, kila moja ikiwa na kikomo cha 400,000. Kwa wanaoishi Mbeya kuna faida moja: wanunuzi wa dhahabu ya Chunya wanazo mizani zinazosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ya fedha iwe na gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Nusu dola iwe na gramu 11.34 na milimita 30.6. Ya dhahabu gramu 8.36 na milimita 21.6. Sumaku isivute hata moja. Mkononi ishike kwa ukingo tu. Usiisugue kwa dawa ya meno, majivu wala limau, hata ikiwa na doa: sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kuliko yenye doa.

Kadi zinahitaji maelezo zaidi. Kampuni za sigara na bazoka za Marekani zilizokuwa zikichapa kadi za wachezaji Weupe hazikuwachapia wachezaji wa ligi za Weusi seti zao. Kwa hiyo kadi za enzi zenyewe zinatoka nje, hasa Cuba, ambako Weusi walicheza msimu wa baridi kwa heshima na malipo mazuri. Seti ya Billiken ya 1923-24 na ya Aguilitas ya 1924-25 zina majina makubwa, Oscar Charleston akiwemo. Josh Gibson ana kadi maarufu ya Puerto Rico, ya seti ya Toleteros ya 1950-51, iliyotoka wakati yeye ameshafariki. Satchel Paige alichapwa Marekani pale tu alipoingia MLB na Cleveland mwaka 1948: ipo ya Leaf namba 8, ya Bowman ya 1949 namba 224, na ya Topps ya 1953 namba 220. Kwenye ya Topps jina lake limeandikwa Satchell, kwa l mbili. Ukiona "imesahihishwa" kuwa l moja, umeona nakala.

Kadi hizo zote ni za bei ya kiwanja. Zinazofikika ni za marejeo. Seti ya Laughlin ya 1974 ina kadi 36 za michoro, na ya Fritsch ya 1986 ina kadi 119. Kwangu mimi ya Fritsch ndiyo shule: ukizisoma zote 119 mbele na nyuma utakuwa umewajua wachezaji ambao vitabu vingi vinawapita. Nunua seti kamili badala ya moja moja, maana posta ya kadi moja kuja Tanzania mara nyingi inazidi bei ya kadi yenyewe.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye magazeti, programu za mechi, picha na mabango. Magazeti ya Weusi kama Chicago Defender, Pittsburgh Courier na Baltimore Afro-American ndiyo yaliyoandika ligi hizi wiki kwa wiki wakati magazeti ya Weupe yakizipa mistari miwili. Ukurasa mmoja wa michezo wa Courier una habari nyingi kuliko mpira wenye sahihi. Kwa programu, zile za Indianapolis Clowns za miaka ya 1950 hupatikana kwa wepesi kuliko za miaka ya 1930, na zina utajiri wake: Hank Aaron alichezea Clowns 1952, na Toni Stone, mwanamke, akachezea hapo 1953. Usikubali tu mtu akuuzie programu ya 1956 kwa maneno kwamba ni ya "enzi za Gibson". Gibson alifariki Januari 1947.

Lenzi, tochi na kalamu

Vifaa vitatu vinatosha. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, ile tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti ambayo wafanyabiashara wanayo dukani, na rula ya milimita.

Washa tochi gizani juu ya karatasi. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha, na chini ya mwanga huo huwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Programu ya 1935 ikiwaka hivyo, imekwisha. Lakini elewa mpaka wa kipimo hiki: kuwaka ni ushahidi wa upya, kutokuwaka si ushahidi wa uzee, kwa sababu karatasi zisizo na kemikali hiyo zipo hata leo, na waghushi wanazijua. Jaribu tochi yako kwanza kwenye karatasi ya fotokopi na kwenye ukurasa wa kitabu cha kabla ya 1945, ili macho yazoee tofauti.

Kisha lenzi. Picha halisi ya kamera, iliyosafishwa chumba cha giza, haina nukta hata ukiikuza. Rangi ya kijivu inatiririka. Ukiona nukta zilizojipanga, ni picha iliyochapwa mashineni. Ukiona matone ya rangi yaliyotawanyika bila mpangilio, ni printa ya wino ya nyumbani. Bango la zamani lilipigwa kwa herufi za mbao au risasi: wino umerundikana kwenye kingo za herufi, na ukipapasa mgongo wa bango unasikia mbonyeo. Vipimo vya kawaida vya bango la dirishani vilikuwa inchi 14 kwa 22, yaani sentimita 35.5 kwa 56. Mengi yalichapwa kwa wingi yakiachiwa nafasi juu, na mji, uwanja na tarehe vikaongezwa baadaye. Kwa hiyo wino wa aina mbili kwenye bango moja si kasoro, ni dalili njema. Rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa mbele na nyuma ndiyo ya kuogopa, kwa maana huo ni ujanja wa kuchovya kwenye chai. Karatasi iliyozeeka yenyewe huanza kuungua kingoni, mahali hewa na mwanga vilipofika, na katikati hubaki na nafuu.

Wauzaji wa picha hutumia madaraja manne. La I ni iliyosafishwa kutoka filamu ya asili ndani ya takriban miaka 2 tangu kupigwa. La II ni filamu ileile ya asili, ila imesafishwa miaka mingi baadaye. La III imetokana na nakala ya filamu au imepokelewa kwa waya wakati huohuo wa tukio. La IV ni nakala iliyosafishwa baadaye. Tofauti ya bei kati ya I na IV ni kubwa sana, na sehemu ya kuitambulia ni mgongoni: mihuri ya gazeti au wakala, tarehe, na kipande cha maelezo kilichogundishwa. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya mgongo usimbembeleze. Omba pia picha iliyopigwa huku mwanga ukitoka ubavuni. Mikunjo, viraka na sehemu zilizosuguliwa hujitokeza hapo.

Sahihi ndizo zinazoumiza watu zaidi. Kanuni ya kwanza ni kalamu. Kalamu ya kawaida yenye kigololo ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945. Sahihi "ya 1938" ya kalamu hiyo ni uongo wa wazi. Iwe ya wino wa nibu au penseli. Kalamu ya ncha laini kama ya kuandikia vibao ilienea miaka ya 1960 na kuendelea. Kanuni ya pili ni tarehe ya kifo dhidi ya tarehe ya kitu. Foster alifariki 1930, Gibson 1947, Charleston 1954, Paige Juni 1982, Judy Johnson 1989, Cool Papa Bell 1991, Buck Leonard 1997, Double Duty Radcliffe 2005, Buck O'Neil 2006. Kadi ya Fritsch ya 1986 yenye sahihi ya Paige haiwezekani. Ya Bell inawezekana. Buck Leonard alipata kiharusi 1986, na mwandiko wake wa baada ya hapo ni tofauti kabisa na wa awali, kwa hiyo sahihi yake iliyonyooka kwenye kitu cha 1990 inahitaji maelezo. Wazee waliokuwa hai miaka ya 1980 na 1990 walisaini vitu vingi, na hizo ndizo sahihi ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzitafuta. Ya Gibson iache.

Kitu kikiwa na cheti cha PSA, SGC au Beckett, kampuni za kuthibitisha uhalisi, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji, na ulinganishe picha. Vibanio vya feki, yaani vile vikasha vya plastiki ambavyo kampuni hizo hufungia vitu, vipo pia. Kwa majina ya wachezaji na misimu, hifadhidata ya Seamheads ni ya bure na imetengenezwa na watafiti waliopekua magazeti mechi kwa mechi. Programu iliyojazwa matokeo kwa penseli usiione chafu. Linganisha matokeo hayo na ya gazeti la wiki ile. Yakikubaliana, umepata tarehe kamili ambayo mchapaji hakuiandika.

Mzigo kufika

Toa anwani ya S.L.P. na namba ya simu, na mwambie muuzaji aziandike zote mbili. Chagua huduma yenye namba ya kufuatilia. Kadi iwekwe kwenye mfuko laini, kisha kibanio kigumu, kisha katikati ya makadibodi mawili, na yote ndani ya plastiki, kwa sababu gunia la posta huweza kunyeshewa njiani. Bango la zamani lisiviringwe. Karatasi iliyokauka hupasuka ikiviringwa. Lije limelala kati ya kadibodi mbili ngumu, mishipa ya kadibodi moja ikikatiza ya nyingine.

Kwenye tamko la forodha aandike thamani ya kweli. Muuzaji akijitolea kuandika "zawadi, dola 5", mkatalie: mzigo ukipotea utafidiwa hizo dola 5, na ukikaguliwa unabaki na maswali. VAT ni asilimia 18 na hukokotolewa juu ya thamani ya kitu ikijumlishwa usafiri, bima na ushuru, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuweka dau. Chapisha ankara na ukurasa wa tangazo. Namba za forodha zinazohusika ni 9704 kwa stempu, 9705 kwa mikusanyo yenye maana ya kihistoria, na 9706 kwa vitu vya kale vilivyozidi miaka 100; programu ya 1920 sasa imeshavuka umri huo. Ukifungua, rekodi video tangu gundi ya nje ikiwa nzima.

Unyevu, moshi, mchwa

Baridi ya Njombe na Makete ni rafiki wa karatasi. Karatasi iliyoko kwenye joto la nyuzi 15 huzeeka polepole kuliko iliyoko Dar es Salaam. Adui ni unyevu wa masika, hasa upande wa Rungwe ambako Tukuyu hunyeshewa karibu mwaka mzima, na vumbi jekundu la kiangazi kuanzia Mafinga kwenda Iringa.

Nunua kipima unyevu cha kidijiti, kisha kihakiki mwenyewe. Weka kijiko cha chai cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12 hadi 24. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kila unapokisoma. Lengo ndani ya sanduku ni asilimia 35 hadi 50. Ikipita 65 kwa siku kadhaa kuvu huanza.

Sanduku liwe la plastiki yenye namba 5 ndani ya pembetatu kitakoni, na kifuniko chenye mpira. Namba 3 ni PVC, hutoa harufu kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki, na hutoa asidi inayokula picha na sarafu. Sheria hiyohiyo ni kwa mifuko ya kadi. Kwa sanduku la lita 20 weka gramu 50 za chembe za silika, zile za vipakiti vya viatu vipya ila za kununua kwa kilo. Chagua za rangi ya chungwa, zinazobadilika zikilowa. Za buluu zina kobalti, ni sumu. Zikibadilika, zioke kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili na uzirudishe zikipoa. Usiweke mchele badala yake. Mchele unanyonya kidogo, unamwaga vumbi la wanga, na unaalika fukusi na panya.

Sanduku likae ndani ya nyumba, si darini. Chini ya bati mchana kunaungua, usiku kunapoa, na umande wa ndani unadondokea vitu vyako. Liinue sentimita 15 kutoka sakafuni na uliache sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, ili uone njia ya mchwa kabla haijafika. Chumba kinachowashwa jiko la mkaa Juni na Julai hakifai: masizi hujibana kwenye nyuzi za karatasi na hayatoki. Vidonge vya nondo navyo visiingie sandukuni, vinalainisha baadhi ya plastiki.

Gazeti litunze limelala, bila kukunjwa upya, na karatasi isiyo na asidi kati ya kila kurasa. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, chapisha nakala, tundika nakala ukutani na uache asili gizani. Na jambo linaloharibu vitu vingi kuliko panya na mvua vikijumlishwa ni leminesheni. Mashine ya steshenari inayolinda cheti chako cha kidato cha nne itayeyushia gundi ndani ya programu ya 1940, na haitoki tena. Selotepu, raba bendi, pini za stepla na albamu zenye kurasa za kunata ziko kwenye kundi hilohilo.

Ukiona vitobo vidogo au unga, funga kitu kwenye mfuko, toa hewa, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka friza likapoteza baridi, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24, la sivyo umande utatanda juu ya karatasi. Kitu kikilowa, una kama saa 48 kabla ya kuvu: usitenganishe kurasa zilizoshikana, peperusha kwa feni kivulini, na ukishindwa kukausha kwa wakati kigandishe.

Nasaba

Kitu bila nasaba hubaki kikibishaniwa. Watu wa Iringa hawahitaji kuelezwa hili: fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, lilikuwa limechaguliwa miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa vipimo na kufanana, kwa kuwa hapakuwa na lebo ya kutosha, na mjadala haujaisha hadi leo. Uzembe wa lebo unaweza kuumiza ukoo mzima. Programu ya mechi ni kitu kidogo mbele ya hilo, lakini kazi ya lebo ni ileile.

Kwa hiyo kila kitu kipewe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe ya kununua, jina la tangazo, bei, gharama ya posta na ushuru, alichosema muuzaji kuhusu kilikotoka, neno kwa neno, na majibu ya vipimo vyako: kiliwaka au hakikuwaka, nukta zipo au hazipo, vipimo kwa milimita. Tenganisha alichosema muuzaji na ulichothibitisha mwenyewe. Tumia safu mbili. Hifadhi ankara na bahasha yenye mihuri ya posta. Namba yenyewe andika kwa penseli laini kwenye mfuko au kwenye karatasi ndogo isiyo na asidi inayokaa na kitu, kamwe si kwa kalamu mgongoni mwa picha, kwa maana wino hupenya na kutokea usoni mwa mchezaji. Ukibadilishana na mwenzako wa Songea au Sumbawanga, ukurasa wa daftari unakiliwa na kuondoka na kitu.

Nakala za kisasa ziwe na sanduku lao, na neno NAKALA kwenye kila mfuko, hata kama leo unakumbuka vizuri ipi ni ipi.